Muulize Fundi Mawe: jiwe jeusi la Kibondo, pete ya Ujiji na geti linaloliwa na kutu

Wadau, habari za huko mliko. Sanduku la maswali mwezi huu limejaa mawe matupu, sijui mvua zimefukua nini huko mashambani. Nimepitia nikaona mengi yanaangukia kundi moja, lile wataalamu wanaliita oksidi, yaani metali fulani imeshikana na oksijeni, hii hii tunayovuta puani, ikawa jiwe. Chuma na oksijeni, bati na oksijeni, aluminiamu na oksijeni, ndo hivyo tu. Ila humo humo ndani kuna kutu ya geti lako na kuna rubi ya kwenye mataji ya wafalme, kwa hiyo leo nimeyaweka pamoja. Salamu ndefu nimezikata, mtanisamehe, ukurasa una mwisho.

Kaka Fundi, mi niko Kibondo, mkulima. Kwenye kijito cha shambani nimeokota mawe meusi, yanang'aa kwa mbali, mazito balaa, la ukubwa wa ngumi unalisikia kabisa mkononi. Kuna jamaa kaja anasema ni koltani, ina hela ndefu, ila nimpe kwanza 150,000 ya kwenda kupimia. Nimpe?

Usimpe. Mnunuzi anayeitaka mali anagharamia kipimo mwenyewe, huyo anayekuomba wewe hela ndo wa kumkimbia, biashara yake ni hiyo laki na nusu, jiwe halimhusu. Akirudi mwambie unalipeleka mwenyewe kwa Afisa Madini Mkazi uone kama atakaa hata kumaliza chai.

Sasa tuje kwenye jiwe. Weusi na uzito peke yake havisemi kitu, maana hematiti ni nyeusi nzito, magnetiti nyeusi nzito, ilmeniti yenye chuma na titaniamu hivyo hivyo, kasiteriti ambayo ndo jiwe la bati nayo hivyo hivyo, na koltani, jiwe la naiobiamu na tantalamu, mwenyewe yumo. Wote oksidi, wote wanafanana usoni. Matumaini yako sio ya kichaa, kwa sababu ule mkanda wa miamba wa Karagwe-Ankole wenye bati na koltani unapita Burundi na Rwanda mpaka Kyerwa kwetu, na wewe ni jirani yake. Lakini kwenye kila mzigo wa mawe meusi yanayookotwa, mengi huwa ni ya chuma tu, jiandae kisaikolojia.

Cha kwanza tafuta kipande cha kigae kilichovunjika, geuza mgongoni pale ambapo hakijapakwa ule mng'ao, kisha ukokote jiwe kwa nguvu mpaka liache mstari. Usiangalie jiwe, angalia unga uliobaki kwenye kigae. Hematiti hata iwe nyeusi tii na inang'aa kama kioo cha gari itaacha mstari mwekundu wa tofali, hapo haina ubishi, inajisema yenyewe. Magnetiti inaacha mweusi. Kasiteriti inaacha mweupe au kahawia iliyofifia sana, tena ni gumu, linaweza kukikwaruza kigae chenyewe. Koltani inaacha kahawia ya giza kuelekea weusi, na hapo ndo utata unapoanza kwa sababu ilmeniti nayo iko huko huko.

Cha pili sumaku, ile ya spika mbovu inatosha. Likidaka kwa nguvu ni magnetiti, habari imeisha.

Cha tatu ni uzito wa majini, na hiki mi nakipenda kuliko vyote maana hakidanganywi na rangi. Tafuta mzani mdogo wa kuning'iniza, funga jiwe na uzi, pima likiwa hewani, halafu pima limezama lote kwenye ndoo ya maji bila kugusa chini wala pembeni. Chukua uzito wa hewani ugawanye kwa tofauti ya hizo mbili. Tuseme hewani gramu 700, majini 600, tofauti 100, jibu ni 7, hapo moyo uanze kudunda kwa sababu kasiteriti iko hapo hapo kwenye 7. Ukipata 5 na kitu ni hematiti au magnetiti, ingawa koltani yenye naiobiamu nyingi nayo inashuka mpaka huko, yenye tantalamu nyingi inapanda hadi 8. Jiwe la kawaida la mtoni, lile jeupe, ni 2.65 tu.

Likipita hapo lipeleke kwa Afisa Madini, au GST, taasisi ya jiolojia ya Tanzania kule Dodoma, wana mashine inayosoma metali zote zilizomo. Na kama kweli ni mali, shamba kuwa lako hakukupi ruhusa ya kuchimba, lazima uwe na leseni ya uchimbaji mdogo, na kwa bati na tantalamu ukanda wetu huu wa Maziwa Makuu kuna cheti cha ICGLR, ule umoja wa nchi za ukanda huu, kinachoonyesha mzigo umetoka wapi, bila hicho unabaki nao ndani. Halafu usiyaweke chini ya kitanda, koltani mara nyingi inakuja na urani na thoriamu zinazotoa mionzi, kidogo kidogo, yaweke nje stoo.

Matumizi yake? Bati ndo linaloingia kwenye lehemu ya fundi simu. Tantalamu inatengenezewa vile vikapasita vidogo vya kwenye simu na kompyuta. Kwa hiyo hapo stendi ya Kibondo kila mtu anatembea na metali iliyotoka kwenye oksidi mfukoni, hajui tu.

Shikamoo Fundi. Mimi ni mwalimu Kasulu. Watoto wameniuliza kwa nini udongo wa huku ni mwekundu hivi, na kwa nini tofali bichi ni la njano-kahawia ila likitoka tanuru ni jekundu. Niliwajibu ni moto, wakauliza moto umefanya nini.

Marahaba mwalimu, na hongera, darasa linaloumiza kichwa ndo darasa.

Udongo wenu umenyeshewa miaka mingi mno. Mvua inachukua vile vinavyoyeyuka, inavipeleka mtoni mpaka ziwani, vinabaki visivyoyeyuka, yaani chuma na aluminiamu, vikiwa vimeshikana na oksijeni. Wekundu ni hematiti, unga mwembamba sana. Unjano na ukahawia ni ndugu yake anaitwa goethiti, huyo ni chuma, oksijeni na maji yamefungwa humo ndani. Hakihitajiki kingi, kiasi kidogo tu cha hematiti kinapaka shamba zima, si unaona soksi nyeupe za shule zinavyorudi jioni.

Tofali bichi lina goethiti nyingi. Ukilichoma, kuanzia nyuzi 250 mpaka 300 hivi goethiti inatema yale maji iliyoyafunga na kubaki hematiti, ndo tofali linaiva jekundu. Wapeleke watoto kwenye tanuru wavunje tofali moja lililokaa katikati, mara nyingi watakuta nje jekundu na kiini ni cheusi au kijivu, kwa sababu ndani hewa haikufika vizuri, moshi ukainyang'anya hematiti sehemu ya oksijeni yake ikageuka kuelekea magnetiti, na mabaki ya mimea nayo yakabaki mkaa. Tofali moja, madini mawili, na sababu ni hewa tu.

Huo unyang'anyi wa oksijeni ndo ulikuwa ufundi wenyewe wa wahunzi wetu wa zamani. Wafipa walijenga matanuru marefu kuliko mtu, wakapanga mawe ya chuma na mkaa kwa zamu, mkaa unaungua kwa kubanwa, gesi yake inachukua oksijeni kwenye jiwe na kuacha chuma. Hematiti safi ni asilimia 70 chuma kwa uzito, kwa hiyo jiwe zuri lilikuwa linalipa. Majembe ya Wasumbwa yalisafiri Unyamwezi yote, watu wanayatumia kununulia vitu, mpaka mahari. Mi huwa nashangaa tunavyofundisha watoto majina ya wazungu waliopita Ujiji tukaacha hili.

Na kuna kitu wazazi wao wakulima watapenda kusikia, hizo oksidi za chuma na aluminiamu zinakamata fosforasi na kuing'ang'ania, ndo maana kwenye udongo mwekundu wenye asidi unaweza kumwaga mbolea ya kupandia na mahindi yakabaki yana majani ya zambarau. Mbolea weka karibu na shimo la mbegu, usiitawanye shamba zima, na samadi inasaidia.

Fundi, mchumba wangu kanivalisha pete ina jiwe jekundu kasema ni rubi. Shoga zangu hapa Ujiji wanasema kioo. Nalijuaje bila kumuudhi?

Dada hongera kwanza, na hao shoga zako waambie watulie.

Rubi ni korandamu, yaani aluminiamu na oksijeni basi. Ikiwa safi haina rangi kabisa. Ikiingiliwa na kromiamu kidogo sana inakuwa nyekundu, tunaiita rubi, ikiingiliwa na chuma na titaniamu inakuwa ya bluu, ndo safaya, na kuna za njano, za pinki, za zambarau, zile za bonde la Umba zina rangi hata majina hazina. Kwetu Tanzania rubi ipo Longido ikiwa imezungukwa na jiwe la kijani, ipo Winza kule Mpwapwa, na safaya zipo Tunduru. Ugumu wake ni 9, juu yake kwenye kipimo kuna almasi tu yenye 10. Kioo kiko 5 na nusu hivi.

Usilikwaruze! Nasema hivi kwa sababu najua mtu atakushauri ukate nalo dirisha. Chukua kwanza tochi ya urujuani, ile wanayokagulia noti, ingia chumba cha giza ulimulike jiwe. Likiwaka wekundu wa makaa kuna matumaini, kioo na ganeti kwa kawaida haviwaki hivyo, na ganeti ndo inayouzwa sana kwa jina la rubi. Ila lisipowaka usilie, rubi yenye chuma kingi huwaka kidogo tu au isiwake. Na likiwaka bado inaweza kuwa spineli, ambayo nayo ni oksidi, magnesiamu na aluminiamu, inatoka Mahenge, na 2007 pale Ipanko walitoa mawe makubwa yakatikisa soko la dunia. Kuipata spineli badala ya rubi sio kupigwa sana. Lile jiwe jekundu kubwa la mbele kwenye taji la Uingereza wanaloliita Rubi ya Black Prince ni spineli, wamelivaa karne na karne.

Halafu kuna rubi ya kutengenezwa. Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza 1902 njia ya kuyeyusha unga wa aluminiamu oksidi kwenye moto mkali udondoke tone kwa tone na kuwa kito. Hiyo ni korandamu kabisa, inawaka, ni ngumu 9, sonara wa kawaida hatakuambia tofauti. Mwenye lenzi ya mara 10 akiona ndani vistari vya kupinda na viputo vya duara, ni ya kiwandani, za ardhini mistari yake imenyooka na zina takataka zake. Hizi za kiwandani ndo zinazokaa kwenye saa za mkono kuzuia ekseli isilike, na leza ya kwanza duniani mwaka 1960, ya Theodore Maiman, ilitumia fimbo ya rubi ya kutengenezwa.

Jambo moja la kukuhusu hata kama ni halisi: rubi nyingi za bei nafuu zimejazwa kwenye nyufa kioo chenye risasi, ile metali. Hizo ndimu tu inazila. Usioshe pete kwa ndimu wala magadi, na ukipeleka kupanua mwambie sonara atoe jiwe kabla hajawasha moto. Na kuhusu kumuudhi, mi naona mwanaume aliyetoa pete kakosea wapi, ukitaka kujua bei nenda na yeye.

Pembeni kidogo, mwenye bahati aone aleksandriti ya Ziwa Manyara. Oksidi ya beriliamu na aluminiamu. Mchana kweupe ni ya kijani, usiku ukiisogeza kwenye koroboi inakuwa nyekundu, jiwe lile lile. Nimeona vito vingi ila hicho ndo kinachonifanya niache chakula.

Mi ni fundi wa kuchomelea Tabora mjini. Wateja wananilalamikia mageti yanapata kutu mwaka haujaisha wakati nimepaka redi oksaidi. Na mbona sufuria za aluminiamu hazioti kutu?

Fundi, kutu ni chuma kurudi nyumbani. Kiwandani walitumia moto mkubwa kukitoa kwenye oksijeni, ukikiacha nje na unyevu kinarudi kuwa oksidi, karibu mle mle kwenye goethiti niliyomwambia mwalimu. Ubaya wa kutu ni kwamba inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, kwa hiyo inavimba, inabanduka, chuma kipya kinabaki uchi, mchezo unaanza upya mpaka geti linatoboka.

Aluminiamu nayo inashikana na oksijeni, tena haraka kuliko chuma, ila ngozi yake inabana vizuri na haibanduki. Akina mama wanaosugulia sufuria mchanga pale ziwani mpaka ziwake, wanaikwangua hiyo ngozi na inarudi muda huo huo. Ni aluminiamu na oksijeni, malighafi zile zile za pete ya dada wa Ujiji, na ndo hizo hizo punje za kwenye msasa wako.

Redi oksaidi unayopaka rangi yake ni hematiti. Hematiti ilishamaliza kuoza, haina pa kwenda tena, ndo maana inadumu juani. Lakini haiui kutu iliyoko chini. Ukipaka juu ya kutu, au juu ya lile ganda la bluu-jeusi la kiwandani bila kukwangua, au juu ya mafuta, umefunika tu. Piga brashi ya waya mpaka chuma king'ae, futa na thina, paka siku hiyo hiyo, sehemu za weldi na kona za chini paka mara mbili, kisha rangi ya juu isichelewe maana praima peke yake inapitisha unyevu. Na kama rangi ya juu ni nyeupe, weupe wake ni titaniamu oksidi, inayochimbwa kama rutili na ilmeniti, ipo mpaka kwenye dawa ya meno.

Mfano wa kumpa mteja mbishi ni Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika. Imeundwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikaletwa vipande vipande mpaka hapa Kigoma mwisho wa reli, ikaingia majini 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe isichukuliwe, ila mafundi wake kwanza wakazipaka injini grisi nzito kila mahali. Waingereza walipoiinua 1924 injini zilikuwa bado zinafaa, na 1927 ikaanza kazi. Grisi ilizuia maji na hewa visifike kwenye chuma, hakuna uchawi.

Ni kweli unga mweusi wa kwenye mawe ya tochi ni makaa? Tunaupakia ubao hapa shuleni Sikonge.

Nusu kweli. Umechanganyika kaboni na manganizi oksidi, madini yanayoitwa pirolusiti yakitoka ardhini. Kaboni inapitisha umeme, manganizi ndo inayofanya kazi ndani ya betri tangu Leclanché alipoibuni 1866. Ubao unapata weusi mzuri kweli, tumesoma nao wengi, lakini msiwape watoto wapondeponde betri, vumbi la manganizi likivutwa siku nyingi linaharibu mishipa ya fahamu, na zile betri za zamani zilikuwa na zebaki. Rangi ya ubao ipo dukani.

Nachenjua dhahabu Nzega, kwenye karai kunabaki mchanga mweusi mwingi, ni mali?

Kwa kiasi cha karai, hapana. Ni magnetiti na ilmeniti, zimebaki na dhahabu kwa sababu ni nzito. Kausha, vika sumaku mfuko wa plastiki, ipitishe juu taratibu, magnetiti itapanda, ukivua mfuko inadondoka yenyewe. Utabaki na kidogo cha kupeta, na zebaki hutaihitaji. Ila chunguza unachotupa kwa lenzi, chembe za dhahabu hupenda kung'ang'ania humo.

Niko darasa la sita, Kigoma. Mwalimu wa sayansi alisema barafu ni madini, tukacheka. Ni kweli?

Kamuombe msamaha mwalimu. Maji ni haidrojeni na oksijeni, yakiganda chembe zake zinajipanga kwa mpangilio maalumu, kwa hiyo barafu ya kule juu Kilimanjaro ni madini ya oksidi kihalali, imo kwenye orodha. Ila ile wanayowekea migebuka pale mwaloni haihesabiki, imetengenezwa na friji.

Mzee mwenzangu wa Tabora hapa. Nimeuziwa bangili ya hematiti yenye sumaku, inatibu presha. Nikiivaa naweza kuacha vidonge?

Mzee wangu shikamoo. Usiache. Hematiti ya ardhini haivuti misumari hivyo, ile inayonata yenyewe kwa yenyewe ni unga wa kiwandani uliofinyangwa na kutiwa sumaku, ukiikokota kwenye kigae pengine hata mstari mwekundu hutauona. Hakuna kipimo kilichoonyesha inashusha presha. Kama imekupendeza mkononi ivae, inapendeza kweli, vidonge umeze kwa saa zake na hospitali urudi tarehe waliyokupa.